Kikombe cha Sajini Weldon

Litein,
3 Septemba 2024

Kwa Jairus, mpishi,
Kapsoit.

Salamu nimeziacha nje kwa gate mpaka tumalize hii maneno.

Jana Makori mwenyekiti alipita hapa kwangu na pikipiki. Akakunywa chai yangu, akakula mahindi yangu, ndio akafungua mdomo. Ati kamati imekaa. Ati kikombe ya kumbukumbu ya Weldon, ile mpya, ya kwanza kabisa chama yetu ya askari wastaafu imewahi kutengenezesha, inapewa wewe. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia toka kwa kiti yangu.

Jairus, tuulizane kama wanaume. Nani alibeba bunduki yake na ya Weldon kule Wajir, siku mguu wa Weldon ulivimba? Ni mimi. Nani alipiga shabaha mpaka meja akauliza huyu kijana ametoka wapi? Ni mimi. Nani ako na medali ya huduma ndefu, imening'inia kwa ukuta ya sitting room mpaka mchungaji akija anaitazama kabla hajaomba? Wewe ulikuwa unakoroga maharagwe. Sisemi maharagwe ilikuwa mbaya. Nasema maharagwe haina medali.

Na ingine. Mimi na Weldon ni bakule. Wewe mtu wa ziwa hujui hii kitu, wacha nikueleze. Tulisimama asubuhi moja kwa baridi, yeye upande wangu wa kulia, tukapashwa tohara, na hakuna mwenye alifunga jicho. Tukakaa kwa nyumba moja ya jando, tukikunywa maziwa kwa kibuyu moja mpaka tukapona. Mtu kama huyo si rafiki. Ni wewe mwenyewe, lakini ako na mwili yake. Sasa jina yake ichorwe kwa chuma, alafu chini yake waandike Jairus?

Andikia kamati. Sema umekataa. Sema ni mgongo. Mimi ni makamu wa mwenyekiti na mimi ndiye nimewekewa hiyo kikombe mpaka siku ya kupeana. Iko hapa kwa kabati, nimeifunika na kitambaa. Naiangalia kila asubuhi na yeye inaniangalia.

Sikupigii simu kwa sababu masikio yako iliharibika na simu unaishika kama mhindi ya kuchoma. Barua utasoma hata kama hutaki.

Ni mimi,
Koplo Hezekiah arap Tonui (mstaafu)


Kapsoit,
9 Septemba 2024

Kwa Koplo Hezekiah,

Barua yako nimeipokea kwa Mochama wa gari la maziwa. Alisema uliifunga kwa gundi mpaka bahasha ikasimama kama sahani. Mimi sijambo, mke wangu Beldina hajambo, mvua ya mawe imepiga majani ya chai huku mpaka wachumaji wamepewa likizo. Salamu zako nimezikuta kwa gate, nimeziingiza ndani zisinyeshewe.

Sitakataa kikombe, bwana. Mgongo wangu ni mzima.

Kamati haikuuliza nani alipiga shabaha. Ingeuliza hivyo, mimi mwenyewe ningekupigia kura, maana nakumbuka zile shabaha na nakumbuka ulivyozisimulia jikoni kwangu mpaka uji ukashika chini. Kamati iliuliza nani amewahudumia wenzake wagonjwa na wajane wao. Ndiyo maana kinaitwa kikombe cha huduma. Mimi nilikuwa nikienda Kipkelion kumwogesha Weldon na kumnyoa wakati kisukari kilipomlaza. Sikwenda nikijua kuna kikombe. Lakini kikombe kikija, mimi ni nani nikigeuzie mgongo?

Unaniambia mimi ni mtu wa ziwa. Ni kweli. Nimekaa Kericho hii kuliko nilivyokaa ziwani, na bado kila nikikushinda kitu nakuwa wa ziwa. Wakati ulipokuwa unataka nyongeza ya nyama nilikuwa ndugu.

Siku ya kukabidhi ni Jumamosi tarehe kumi na tisa Oktoba, nyumbani kwa Weldon, kando ya kaburi. Leta kikombe, Koplo. Njoo ukiwa umevaa hiyo medali. Nataka uwepo nikikipokea, nakwambia ukweli. Bila wewe nitakuwa kama nimekiokota njiani.

Wako,
Jairus Odera


Litein,
16 Septemba 2024

Kwa Jairus,

Umesema kumnyoa. Hapo umenigusa mahali.

Na mimi nilienda Kipkelion. Hujui hiyo. Ama unajua na umenyamaza. Nilienda na kuku jogoo na sotet, ile kibuyu ya mursik, maziwa lala yenye nilitengeneza na mkono yangu, kibuyu nimepiga ndani na makaa ya mti ya senetwet mpaka maziwa ikakuwa na ile rangi ya majivu yenye Weldon alipenda. Chemutai, bibi ya Weldon, akatoka mpaka kwa gate. Akasema, "Baba Chepkorir, bakule wako amelala." Saa nne ya asubuhi! Mkipsigis gani analala saa nne na ng'ombe inalia? Nikasema nitangoja. Akasema, "Usingoje."

Na nikaona koti yako, Jairus. Ile ya kijani ya jeshi, yenye kifungo imepotea. Imening'inia hapo kwa veranda kama mwenye nyumba amevua.

Jogoo nilimwachia. Mursik nilirudi nayo. Nikaimwaga kwa mashina ya chai na sikutengeneza tena mpaka hii mwezi.

Kwa hivyo usiniambie huduma. Wewe ulifunguliwa mlango, mimi nikafungiwa. Mtu akifunguliwa mlango kuhudumia ni kazi gani? Hata mimi nikifunguliwa ningenyoa. Ningenyoa kuliko wewe. Mimi hunyoa mpaka padri.

Sasa sikia. Kama ni lazima kikombe ya bakule wangu iende Kapsoit, haitaenda ikiwa tupu na baridi kama sahani ya hoteli. Kitu ya mtu wetu haitoki nyumbani tupu. Nimeshafanya yenye inafaa. Iko kwa kabati, kifuniko imefungwa, na wewe hutajua mpaka siku yake. Ukifungua utanusa nani alikuwa wa kwanza.

Koplo Hezekiah arap Tonui


Kapsoit,
20 Septemba 2024

Koplo,

Umefanya nini?

Nakuuliza kama mtu aliyekaa na vyombo maisha yake yote. Kile kikombe si kibuyu. Ni bati la shaba lililopakwa rangi ya fedha, nilikuwepo Makori alipokileta kutoka kwa fundi mjini. Umetia nini humo ndani?

Habari ya gate sitaijibu kwa barua. Si yangu kuijibu. Muulize Chemutai.

Jairus


Litein,
30 Septemba 2024

Kwa rafiki yangu Jairus na Mama Beldina,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima kabisa pamoja na kuku na mboga. Sisi huku tuko salama. Chai imeanza kutoa majani tena. Nilichuma jana peke yangu kapu mbili na vijana walikuwa wananiangalia wakishangaa, kwa hii umri yangu.

Nimekumbuka tu zamani. Ulikuwa mpishi hodari. Nasema hivyo mbele ya watu. Mkaguzi alikuwa anakuja anajiona uso kwa sufuria zako.

Sasa iko jirani yangu hapa, simtaji. Huyu jirani ako na chombo, si yake, amewekewa. Akaweka maziwa ndani na makaa, akafunga, akangoja siku zake kama vile inatakiwa. Alipofungua, mursik ilikuwa imekataa. Rangi ya kijani kama chura. Akaonja kidogo kwa sababu si mtu wa kuogopa, ikamuuma ulimi. Akamwaga. Ndani ya chombo imebaki madoa nyeusi, na kwa nje pahali ilitiririka imetoka magamba.

Huyu jirani anauliza, jeshini mlikuwa mnatoa madoa na nini? Jivu? Mchanga? Ama ile waya ya chuma?

Jibu upesi. Anangoja hapa karibu na mimi.

Hezekiah


Kapsoit,
2 Oktoba 2024

Koplo,

Mwambie huyo jirani yako asishike kitu. Asiguse jivu. Asiguse mchanga. Waya wa chuma autupe chooni. Atie maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, atumie kitambaa laini kama cha kumfutia mtoto, na aache hapo hapo ilipofikia. Rangi ya fedha ikishatoka hairudi kwa kusugua, inazidi kutoka. Na maandishi ya nje asiyakaribie kabisa, maana fundi wa mjini alichora juu juu tu kama mtu anayeandika kwa ukucha.

Mwambie pia asinywe maziwa yaliyolala kwenye shaba. Ni sumu hiyo. Kama tumbo linamsokota aende zahanati, asijifanye shujaa.

Nimempa Mochama barua hii alfajiri nikamwomba akimbie.

Na mwambie huyo jirani kwamba nimecheka mpaka Beldina akaja kuona kama ninakufa. Maziwa kwenye kikombe cha tuzo! Mtu wa kwetu angeweka maua ya plastiki akaridhika.

Jairus


Litein,
10 Oktoba 2024

Kwa Jairus,

Gari ya Mochama iliharibikia Chepseon, barua ikalala huko. Imefika leo.

Nilikuwa nimeshasugua.

Nilianza na jivu. Ikatoa kidogo. Nikaona nikiongeza nguvu itamaliza, unajua mkono yangu. Nikaongeza mchanga. Alafu ile waya. Nilisugua ndani na nje na nikiwa na hasira na wewe, wacha niseme, kila nikisugua nilikuwa naona ile koti. Nilipokuja kuinua kwa mwangaza, imebaki "Sajini". Hapo mbele hakuna kitu. Ni njano tu, kama paja ya kuku. Jina ya bakule wangu nimeitoa na mkono yangu mwenyewe.

Nilikaa chini kwa jikoni. Chepkorir msichana yangu akaniuliza, "Baba, ni moshi?" Nikasema ni moshi.

Nimekuwekea hiyo kitu kwa gunia ya mbolea, imefungwa na kamba ya ng'ombe. Mochama atakupea mkononi. Wewe ndiye unaipewa, wewe utaona utafanya nini. Mimi siji Kipkelion. Mbele ya kaburi yake siwezi simama na watu wakisoma Sajini, Sajini nani? Waambie niko na malaria. Ama waambie ukweli, wafurahi. Makori atafurahi sana. Tangu siku ya kiti anangoja.

Ukicheka tena, cheka karibu na hilo sikio lako mbaya nisisikie.

Umeshinda.

Hezekiah


Kipkelion,
21 Oktoba 2024

Kwa Baba Chepkorir,

Chamgei. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi nilikuwekea kiti karibu na changu na kikakaa tupu mpaka mwisho. Watu walikuwa wengi, Makori akasema una malaria. Nikajua si malaria. Wewe hata malaria huiambia ingoje.

Nataka ujue ilivyokuwa. Makori alimwita Jairus mbele, akamwambia ainue kikombe watu wote wakione na asome jina. Jairus akakiinua. Alikuwa amekikumbatia kwa viganja viwili upande wa mbele, kama mtu anayeshika chai ya moto, na hakuondoa vidole hata mpiga picha alipomwomba. Akaangalia juu, akasoma: "Sajini Weldon arap Maritim." Alisoma bila kusoma. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikaona mapengo kati ya vidole.

Halafu akaniletea nikishike. Nikafungua kifuniko. Baba Chepkorir, ile harufu! Makaa ya senetwet na maziwa. Nilinusa tena. Tangu tulipomzika nilikuwa sijasikia harufu hiyo katika boma hili, maana mimi natengeneza kwa makaa ya mti mwingine, na Weldon alikuwa akinilalamikia kwamba ni wewe tu unajua. Nikamuuliza Jairus kwa nini hakukiosha ndani. Akasema, "Mama Benard, nimeosha vyombo vya jeshi zima. Hiki mkono ulikataa." Basi nikacheka hapo mbele ya mchungaji na kamati, na machozi yakaja, watu wakadhani ni huzuni tu. Nani mwingine katika chama chenu angetia mursik kwenye kikombe cha tuzo?

Sasa ile habari ya gate. Jairus ameniambia inakula roho yako. Nilinyamaza kwa sababu niliapishwa, lakini aliyeniapisha amelala na nafikiri sasa angeniachilia.

Siku ile hakuwa amelala. Alikuwa macho, amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, uchi mpaka kiunoni, Jairus akimwosha. Alisikia sauti yako kwa gate kabla sijaisikia mimi. Alinishika mkono. Akasema, "Huyo asinione. Huyo nilisimama naye asubuhi ile na sikufunga jicho. Asinione nikioshwa kama mtoto." Nikamwambia, "Ni bakule wako." Akasema, "Ndiyo maana." Jairus aliweza kumwona, kwa sababu mbele ya Jairus hakuwa na kitu cha kulinda. Wewe ulipoondoka aliniuliza umeleta nini. Nikasema jogoo na mursik. Akauliza mursik iko wapi. Nikamwambia umerudi nayo. Alinuna mpaka jioni.

Gate yangu haina kufuli. Njoo ukae naye.

Mama Benard,
Chemutai


Kapsoit,
23 Oktoba 2024

Koplo,

Chemutai ameniambia amekuandikia. Basi na mimi nimalizie, kisha kila mtu arudi kwenye shamba lake.

Kikombe kiko hapa juu ya meza. Fundi ameweka kibati kidogo kwenye kitako cha mbao, kimeandikwa jina langu na mwaka. Beldina anawaonyesha majirani. Inapendeza. Lakini nitakwambia kitu, na usikitangaze Litein.

Nilimnyoa yule mtu mpaka nikalijua kila kovu la kidevu chake. Na kila nikimnyoa alikuwa akiuliza: Hezekiah amemaliza kupalilia? Hezekiah bado anasimulia ile habari ya meja? Hezekiah ng'ombe wake amezaa? Nilikuwa nikitoka Kapsoit na baridi ya asubuhi kuja kujibu maswali juu yako. Hakuniuliza hata mara moja kama Beldina anaendelea vipi, na Beldina alikuwa amelazwa hospitali mwaka huo. Siku moja nilimjibu vibaya. Nikamwambia, "Sajini, huyo mtu wako akikupenda hivyo mbona hayuko hapa kushika wembe?" Akanigeuzia shavu la pili. Nikamkata kidogo shavuni, na sikusikitika sana.

Basi usiniandikie tena habari ya koti. Koti lilikuwa nje. Na mimi, omera, ndugu yangu, hata nikiwa ndani na sabuni mkononi, nilikuwa hapo nje pamoja na koti.

Jina lake sijalirudishia. Fundi yuko tayari kulichora tena. Nimemwambia angoje, kwa sababu sijui ni nani anapaswa kumwagiza, mimi au wewe.

Jairus Odera


Litein,
4 Novemba 2024

Kwa Jairus,

Salamu. Hii nimeandika kwa karatasi, sijaiacha kwa gate.

Nilienda Kipkelion. Nilivaa medali. Nilikaa na yeye kwa kaburi tangu asubuhi, na kwa sababu sasa hawezi kunifukuza nilimwambia yote, kutoka shabaha mpaka waya. Nikamwambia, "Weldon, wewe ni mjinga. Mimi ningefunga macho." Mara ya kwanza maisha yangu nimesema ningefunga macho. Hiyo usirudie kwa mtu.

Chemutai akanipa ugali na jogoo, ati ni mtoto wa mtoto wa yule jogoo yangu. Nyama ilikuwa ngumu. Damu yangu hiyo, haiwezi kuwa laini.

Barua yako nimesoma tena na tena. Ile pahali ya maswali yenye Weldon alikuwa anauliza, Chepkorir alinisomea mara ingine nikiwa nimefunga macho, nikamwambia asome polepole. Sasa naona ni wewe unaona wivu. Nilicheka. Alafu nikaona si ya kucheka sana. Mama Beldina alikuwa na ugonjwa gani? Hamkuniambia. Mwambie namletea majani ya chai ya kwangu, si ile vumbi ya duka.

Kwa fundi tutaenda pamoja. Wewe utasimama kulia, mimi kushoto, na achore ndani sana, hata kama kikombe itatoboka. Na asiandike Sajini peke yake. Nimefikiria vizuri, Sajini ni cheo, hata wewe ungepewa kama hukuwa unachoma maharagwe.

Lakini sikia vizuri, elekeza sikio lako ile nzuri. Mwaka ujao hiyo kikombe ni yangu. Nimeshaanza huduma. Juzi nimepeleka mjane wa marehemu Nyaberi zahanati na mkokoteni yangu, na nimewaambia watu wote walioniona. Makori anajua. Nimemrudishia kiti.

Jumamosi nakuja Kapsoit na sotet, mursik imekaa vizuri ndani ya kibuyu yake, si kwa shaba. Tutakunywa kwa vikombe ya Mama Beldina. Mimi nitakunywa kwanza, kwa sababu nilikuwa koplo.

Ile ya Weldon iweke katikati ya meza na kifuniko wazi. Jina yako iko kwa nje, sawa, nimekubali. Ndani ni maziwa yangu yenye hakukunywa.

Usioshe.

Hezekiah arap Tonui